Jiwe Chini ya Musa

Somo: Kutoka 17:8-13

 

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema si la madhabahuni: namna mpiga kinanda anavyokaa. Naomba mnivumilie, maana ninaanza kwa kuungama.

Mnamfahamu kijana wetu wa kinanda. Kile kinanda tulikinunua kwa sadaka ya mahindi, tukakiweka juu ya meza ndefu ya mimbari, naye tukampa kigoda cha jikoni akalie. Kigoda kifupi, meza ndefu. Kila Jumapili, na kila mkesha, alipiga mikono ikiwa imeinuka, mabega yamefika masikioni, shingo imetangulia mbele. Usiku mmoja wa mkesha aliniambia, "Mchungaji, mkono unakufa ganzi, naomba nipumzike." Nami nilimjibu mbele ya watu kwamba mtumishi wa Mungu hachoki. Akaendelea mpaka asubuhi.

Baada ya hapo hakuonekana. Nilipokwenda kwake nilimkuta amekaa mlangoni, jembe limeegemea ukuta. Yeye hula kwa kulima vibarua, na mkono ulikuwa haushiki mpini. Akaniambia, "Baba, sijamuacha Mungu. Mkono ndio umeniacha." Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nikakosa usingizi. Katika Zaburi ya 137 wana wa Israeli walitundika vinubi vyao mitini kule Babeli kwa sababu ya huzuni ya uhamisho. Huyu kijana alivuka Ziwa Albert mwaka 2018 na huzuni zake zote, wala hakutundika kinubi. Aliyemfanya akitundike ni mimi.

1. Musa naye alichoka

Tazameni somo letu. Amaleki wamekuja kupigana na Israeli huko Refidimu. Yoshua yuko bondeni na watu wa vita, Musa yuko juu ya kilima, fimbo ya Mungu mkononi. Akiinua mikono, Israeli wanashinda. Akiishusha, Amaleki wanashinda. Lakini mikono ya Musa ikawa mizito. Biblia haifichi jambo hilo, wala haisemi kwamba imani yake ilipungua. Na Haruni na Huri hawakumkemea. Walitafuta jiwe, wakaliweka chini yake, akakaa. Kisha wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa.

Mungu angeweza kuitia mikono ile nguvu bila jiwe. Alipenda kutumia jiwe. Hata Eliya alipotamani kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika alimpa kwanza mkate na maji na kumwacha alale. Na yule mwanamke wa Luka 13, aliyepinda mgongo miaka 18, Yesu hakumwambia avumilie. Alimnyoosha. Mwili huu ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu halitunzwi kwa kulivunja.

2. Namna ya kukaa

Wapiga vinanda, na wazazi wenye watoto wanaojifunza, shikeni haya.

Kaa nusu ya mbele ya kiti, usiegemee nyuma. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Mtoto ambaye miguu inaning'inia awekewe tofali au kipande cha mbao. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, mabega yashuke, kichwa kikae juu ya mabega na siyo mbele yake.

Kiti kiwe cha kimo ambacho viwiko vinakuwa sawa na vibonyezo vya kinanda, au juu yake kidogo. Hapo mkono kuanzia kiwiko unalala sawasawa. Kifundo cha mkono kisining'inie chini wala kisipinde juu. Vidole vijikunje kama umeshika chungwa. Usisogee karibu mno: viwiko vipate nafasi ya kupita mbele ya mbavu. Na anayepiga amesimama, ainuliwe meza mpaka viwiko vipate kimo hichohicho.

Pumzika kila baada ya nusu saa hivi, ukunjue vidole, utembee kidogo. Ukisikia ganzi, kuchomwachomwa, au maumivu yanayobaki baada ya kupiga, acha, uende kwenye zahanati mapema. Usingoje mkono ushindwe kushika jembe. Zaburi 33:3 inatutaka tupige kwa ustadi, na ustadi unaanzia kwenye kukaa.

3. Jiwe lililetwa na wengine

Musa hakujitafutia jiwe. Walioona uchovu wake ndio waliolileta. Basi hili si neno la wapiga vinanda peke yao. Ni la kanisa.

Kijana wetu alikaa kwenye kile kigoda muda mrefu, na sisi sote tulikuwa tunamtazama. Tulifurahia nyimbo, hatukuona mabega. Tuna wengine wa namna hiyo: mama anayepika kila semina, mzee anayelinda kanisa usiku, mwalimu wa watoto anayefundisha amesimama tangu asubuhi. Kabla ya kumwambia mtu avumilie, tumwulize kwanza amekalia nini.

Nilimwomba msamaha nyumbani kwake, kisha mbele ya kanisa, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya kanisa. Mhudumu wa afya alimwambia aupumzishe mkono, na ndugu wa kwaya wakamlimia shamba kwa zamu. Fundi wetu wa mbao alimpima ameketi, akatengeneza benchi la kimo chake na kufupisha miguu ya meza. Sasa amerudi. Anapiga nyimbo mbili, kisha anampisha binti mmoja anayemfundisha. Kwenye mkesha wanapokezana, nami ndiye ninayetazama saa.

Ndugu msomaji, Jumapili hii utakapoingia ibadani, angalia nani mikono yake imekuwa mizito. Kisha utafute jiwe.

Bwana awabariki na kuwalinda.

Mchungaji wenu.