Vifaranga Hawa ni wa Nani?

 Somo la mwezi huu ni swali ambalo limetusumbua kwa miaka. Mtu akipewa mali ya mwenzake aitunze, na mali ile ikazaa, kilichozaliwa ni cha nani? Na kikipotea, hasara ni ya nani? Tutaanza na kuku mmoja wa Munkunyu.

Mwaka 2018 tulitoka upande wa Beni, tukavuka mpaka pale Mpondwe, mama watoto, watoto wawili na sisi, tukiwa na godoro moja na sufuria mbili. Kabla ya kuja makazini tulikaa miezi kadhaa Munkunyu, katika wilaya ya Kasese, si mbali na Bwera. Wenyeji wa pale ni Wakonzo, na lugha yao na Kinande chetu ni ndugu, kwa hiyo tulisikilizana. Mama mmoja mjane alitupa chumba cha uani. Baada ya wiki mbili akatuletea kuku kwapani, akasema: "Pasta, huyu amemaliza kutaga, sasa anataka kulalia. Macho yangu hayaoni vizuri. Mchukueni, mtafute mayai, mumwekee. Mungu akitoa, tutaona."

Tulipata mayai 12. Manne tulipewa na jirani mwenye jogoo. Manane tulinunua sokoni Bwera kwa pesa ya kibarua cha kupalilia. Hapo tulibahatisha, maana yai la sokoni hujui kama kuku wake alikuwa na jogoo, wala limekaa juani siku ngapi. Binti yetu aliyaweka alama ya makaa yote, ili kuku akitaga lingine tulijue. Usiku wa siku ya 7 tuliyapima gizani kwa mwanga wa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa kama utando wa buibui. Mawili hayakuonyesha kitu, tukayatoa. Siku ya 21 vifaranga 9 walitoka, mmoja akafia ndani ya ganda. Mama watoto alitaka kuwalisha saa ile ile, lakini jirani akamwambia asiwe na haraka, kwa kuwa kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini tumboni inayomtosha siku mbili hivi.

Katika siku zile 21 tulijenga kibanda. Nguzo zilikuwa nne za mkaratusi, kuta za mabanzi, dirisha la waya upande usiopigwa na mvua, na bati kuukuu juu. Sakafu tuliiinua kufika magotini, na kila mguu wa kibanda tukausimamisha ndani ya mkebe wenye oili chafu, kwa sababu ya siafu. Mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka 12, ndiye aliyebeba miti yote. Mzee mmoja jirani alisimama akatutazama, akasema: "Mkimbizi anajenga kibanda kwenye ua wa watu? Mkihamia Kyaka mtakibeba kichwani?" Hatukuwa na jibu zuri. Tulikumbuka tu kwamba nabii Yeremia aliwaandikia watu wa uhamishoni wajenge nyumba na kupanda bustani kule walikopelekwa. Tena vifaranga hawasubiri mpaka karatasi zako ziwe tayari.

Wiki ya pili mwewe alimchukua mmoja mchana, sote tukiona. Wakabaki 8. Baadaye ikaja hasara nyingine, na hiyo ndiyo imetufanya tuandike.

Kila jioni kijana wetu aliwahesabu kuku na kufunga komeo. Jioni moja alikuwa na homa, tukamwambia alale, tutafunga sisi. Tulirudi usiku kutoka kwenye maombi tukiwa tumechoka, tukausukuma mlango bila kutia komeo. Asubuhi walikuwa 7. Manyoya yalikuwa chini ya mwembe. Tuliyaokota upesi tukayatupa chooni, kisha tukaenda kumwambia mwenye kuku: "Mama, mwewe amerudi." Akajibu, "Mwewe hachoki," akaendelea kuchambua maharagwe. Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, hakusema neno.

Miezi mitatu ikapita. Vifaranga wakawa mitemba na majogoo, na siku ya kuja huku ikakaribia. Ndipo lile swali likaingia nyumbani. Mama watoto alisema mayai yalinunuliwa kwa jasho letu. Kijana alisema kuku ni wake, maana ndiye aliyejenga na kulinda. Yule mzee jirani alisema desturi inajulikana: anayelea kuku wa mwenzake hugawana naye vifaranga nusu kwa nusu. Kila mmoja alishika kipande cha kweli. Bila mama kuku, mayai yetu yangeishia kwenye sufuria. Bila mayai, kuku wa Mama angelalia kiota kitupu. Bila kibanda na mlinzi, vyote viwili vingekuwa karamu ya paka mwitu. Nani atapima jasho la kijana kwa mizani moja na joto la kuku?

Tulimwendea Mama mwenyewe. Akasema: "Chukueni wote. Niachieni mama yao tu."

Tulipaswa kushukuru na kunyamaza. Lakini binti yetu alitutazama, nasi tukashindwa. Tulikaa chini tukamweleza habari ya komeo na ya manyoya. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Pasta, mwewe hachukui kuku usiku. Nilijua siku ile ile." Tukamwuliza kwa nini hakutuuliza. Akasema: "Aliyekimbia huogopa kufukuzwa. Mwaka 1996, waasi wa ADF walipoingia Mpondwe, sisi pia tulikimbia tukalala kwa watu. Nilivunja chungu cha mwenye nyumba nikasema ni mbuzi."

Ndipo tukamwomba atuhukumu kwa haki badala ya kutuhurumia. Alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole: "Walitoka 9. Wa mchana ni wa mwewe, hasara yetu sote. Walibaki 8, wanne wangu, wanne wenu. Wa usiku ni wenu." Akachukua wanne, tukapewa watatu. Ndivyo tulivyofika Kyaka na kuku watatu kwenye tenga. Kibanda hatukukibeba kichwani. Kilibaki kwa Mama, na kuku wake wakalala humo, kwa hiyo na yule mzee tulimjibu, ingawa kwa kuchelewa.

Wapendwa, hukumu ile ina mizizi ya kale. Katika Kutoka sura ya 22, Torati inazungumza habari ya mtu aliyepewa mnyama wa jirani yake amtunze. Mnyama akiraruliwa na mwitu, mlinzi huleta masalio yake kuwa ushahidi, wala halipi. Akiibwa kwake, hulipa. Akifa au kuumia pasipo mtu kuona, mlinzi huapa mbele za Bwana kwamba hakutia mkono katika mali ya mwenzake. Tazameni: sheria haikuanza kwa kuuliza mnyama alikuwa na bei gani. Iliuliza alipoteaje, na nani atasema kweli. Sisi tuliyachukua masalio, yaani ushahidi wenyewe, tukayatupa chooni. Tulimwibia Mama kifaranga mmoja, kisha tukamwibia na ukweli ambao ungemwezesha kuamua. Yakobo naye, alipokuwa mgeni kwa Labani, alisema hasara ya wanyama walioraruliwa aliibeba mwenyewe, hata pale ambapo hakulazimika.

Kwa nini basi tulifurahia kuku watatu kuliko saba? Tumefikiri sana, na jibu letu ni hili. Mkimbizi hupewa. Hupewa turubai, hupewa sabuni, hupewa kadi. Baada ya muda huanza kujiona kama mkono uliofunguliwa tu, na watu nao humwona hivyo. Anayepewa tu hadaiwi kitu, na asiyedaiwa kitu hahesabiwi kuwa mwenzako. Mama alipotuambia "wa usiku ni wenu," alitufanya wabia wake. Saba wangekuwa huruma. Watatu walikuwa haki yetu, na hakuna aliyeweza kutuinamisha kichwa kwa ajili yao.

Tunaandika haya kwa sababu ya hali yetu ya sasa. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha mgao wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda. Familia nyingi zimegeukia kuku na mbuzi, na vikundi vingine hufuata utaratibu wa kupokezana: unapewa kuku, akizaa unampa mwenzako wa kwanza. Wazo hili si geni duniani. Shirika la Heifer, lililoanzishwa na Mmarekani Dan West mwaka 1944, linajulikana kwa utaratibu huo huo, yaani aliyepokea mnyama humpa jirani mzao. Ni jambo jema. Lakini linasimama juu ya neno la mtu mmoja: habari anayoileta kuhusu kuku aliyepotea.

Tumesikia mara nyingi, "Kideri kimewaua." Kideri huua kweli, na banda lisilochanjwa laweza kuisha kwa siku chache. Lakini kideri hakichagui kuku mmoja mnene siku ya soko.

Mtu atasema: "Pasta, mtoto alikuwa na njaa. Ningefanyaje?" Hatumhukumu. Njaa ni mlango wazi usiku, na si kila mara mwenye nyumba ndiye aliyeuacha wazi. Pengine ulimwuza kuku wa kikundi ukanunua unga, na pengine katika saa ile hukuwa na njia nyingine. Basi njoo useme, "Nilimwuza, tulikuwa na njaa." Wenzako wataweza kukusamehe, au kukupa muda, au kugundua kwamba nyumba yako inahitaji msaada kabla ya wengine. Ukisema ni kideri, wataenda kutafuta chanjo ya ugonjwa ambao haupo, na yule jirani anayesubiri kifaranga ataendelea kusubiri bila kujua anamsubiri nani.

Basi, vifaranga ni wa nani? Twasema hivi: ni wa wote waliotoa kitu ili wazaliwe, kila mmoja kwa kadiri yake. Hasara isiyozuilika ni ya wote. Hasara ya uzembe ni ya mzembe. Ila hesabu hiyo haiwezi kufanyika mpaka kwanza mtu aseme manyoya yalionekana wapi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi:
1. Je, Mama alifanya vema kunyamaza miezi mitatu, au angetuuliza siku ile ile?
2. Kijana aliyejenga na kulinda alistahili fungu lake mwenyewe? Watoto wenu mnawapa nini katika mali wanayoitunza?
3. Kuna kuku gani wa mwenzako ambaye bado unasema alichukuliwa na mwewe?

Bwana awabariki, na afunge milango yenu usiku.