Jina la Fundi Liko Wapi?

Ukichungulia ndani ya fidla ya zamani, mara nyingi utaona kikaratasi kimebandikwa: jina la fundi, mji wake, mwaka. Jacob Stainer, aliyefariki mwaka 1683, aliishi Absam, huko Tirol, kwa watu wasemao Kijerumani. Alichonga uso wa fidla kwa mti laini wa milimani na mgongo kwa mti mgumu, akaunganisha kwa gundi, akapaka vanishi, akatia jina lake. Bach alipofariki mwaka 1750, fidla ya Stainer ilikuwamo katika orodha ya mali aliyoacha.

Sasa chungulia ndani ya zeze letu. Giza tupu.

Mimi ni mtu wa Manyoni, mkoa wa Singida, na zeze la Wagogo nimelisikia tangu utoto. Nalo ni ndugu wa fidla: lina tumbo, nyuzi na upinde. Fundi anachonga, anawamba ngozi, anafunga nyuzi, anasikiliza, anafungua, anafunga tena. Si kazi ya mchezo hata kidogo. Lakini likishafika dukani Dar es Salaam linaitwa "zeze la Kigogo", basi. Katika makumbusho za Ulaya, mara nyingi aliyekusanya ameandikwa jina, aliyetengeneza ameandikwa kabila. Hivi, msomaji, kabila lina mikono mingapi?

Najua utaniambia: chema chajiuza. Zeze likilia vizuri, jina la nini? Tena jina lenyewe hudanganya. Stainer alisifika mno, hata mafundi wengine wakabandika jina lake kwenye fidla ambazo hakuzigusa kamwe. Na kule Mittenwald, kijiji cha Ujerumani ambako Matthias Klotz (1653–1743) alianzisha ufundi huu, baadaye familia nyingi zilichonga fidla ambazo wafanyabiashara walizinunua na kuziuza mbali. Wachongaji wengi wakapotea kimyakimya. Kwa hiyo kumezwa jina si balaa la Mwafrika peke yake.

Hoja hizo ni nzito, sikatai. Lakini jina lililoibwa linathibitisha kwamba jina ni mali. Hakuna anayeiba kisicho na thamani.

Wazee nao wana hoja yao, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Kijijini kila mtu anajua zeze lile kalitengeneza nani. Karatasi ya nini? Kweli kabisa. Zeze likibaki kijijini, jina linakaa midomoni mwa watu. Tatizo linaanza pale linapopakiwa basi. Zeze linaondoka, midomo inabaki. Likifika Dar, au Berlin, halina wa kulisemea. Hapo ndipo ninapoona kikaratasi cha Stainer si majivuno. Ni mdomo unaosafiri pamoja na kazi.

Mpigaji walau ana nafuu. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, jina lake lilizunguka dunia juu ya kaseti na sidii. Je, fundi asiyepanda jukwaani?

Kwa hiyo mimi nasema kuuliza jina ni wajibu, si adabu tu. Fundi akisema hataki liandikwe, hiyo ni haki yake. Lakini aulizwe kwanza! Anayenunua bila kuuliza amelipia mti na ngozi. Mtu hajamlipa bado.

Na sisi waandishi chipukizi tusijifanye watakatifu. Shairi la beti mbili tu, jina letu tunataka liwe kwa wino mzito, na likikosewa herufi moja tunanuna wiki nzima. Halafu makala zetu zimejaa "mzee mmoja", "mama mmoja", "fundi mmoja wa Singida". Huyo mmoja anaitwa nani? Kama hatukuuliza, basi tuna deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa kumsifu.