Vidonge vya Kuakhirisha Hedhi, na Linalowapasa Waume

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, na kila wanapojitayarisha mahujaji kusafiri, hutujia swali moja kwa njia nyingi: je, yajuzu mwanamke kumeza vidonge ili hedhi yake isije kwa siku zake? Wenye kuuliza ni wanaume, na aghalabu huuliza kwa kunong'ona, kana kwamba wameshikwa na aibu. Hapana aibu katika jambo hili. Vyuo vyetu vyote vya fikihi vina mlango wa hedhi, na wengi walioviandika na waliovisomesha walikuwa wanaume. Na mume ndiye alipaye nauli ya Hija, ndiye aendaye na mkewe, na ndiye ambaye neno lake nyumbani laweza kumponya mke au kumdhuru. Basi asipojua, ataamuru kwa ujinga.

Katika waliotuuliza wako wawili ambao maneno yao tumeyashika. Wa kwanza amemkataza mkewe kumeza vidonge kwa safari ya Makka, kwa kuwa amesikia kwamba huko ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wa pili amlazimisha mkewe avimeze Ramadhani nzima ili asibaki na deni la saumu, na mke hataki, kwani kila avimezapo hushikwa na maumivu makali ya kichwa. Twataka kuwajibu wote wawili, na wa pili tutamjibu kwa urefu zaidi, kwani khatari yake ni kubwa zaidi.

Lakini kwanza yatupasa kujua ya kuwa hedhi si aibu wala si adhabu. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, ambao ni mwaka 632, Bibi Aisha (R.A.) alipatwa na hedhi walipofika Sarif, karibu na Makka, akakaa akilia. Mtume (S.A.W.) akamkuta, wala hakumkaripia. Alimpa habari kwamba hilo ni jambo Mwenyezi Mungu aliloliandika juu ya mabinti wa Adamu, akamwamuru afanye yote afanyayo mwenye kuhiji, ila asiitufu Nyumba mpaka atwaharike. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama, ewe ndugu yangu, jinsi zuio lilivyo dogo. Kusimama Arafa, kulala Muzdalifa, kutupa mawe Mina, kufanya dhikri na kuomba dua, yote hayo mwenye hedhi hufanya. Hakuzuiliwa ila kusali na kutufu.

Sasa tumrejee ndugu yetu wa kwanza. Kutumia dawa kwa ajili ya kuakhirisha hedhi si jambo lililozuliwa leo. Imepokewa katika Musannaf ya Abdurrazzaq kwamba Ibn Umar (R.A.) aliulizwa khabari ya mwanamke anywaye dawa ya kukata damu ili apate kuondoka na wenziwe, asione ubaya, na akawaeleza maji ya mti wa mswaki. Na Ibn Qudama, aliyekufa mwaka 620 wa Hijra, amenakili katika Al-Mughni kwamba Imamu Ahmad hakuona ubaya mwanamke kunywa dawa ya kukata hedhi, madhali ni dawa inayojulikana. Imamu Malik yeye alilichukia, na wanavyuoni wa madhehebu yake wakaeleza kwamba alichelea mwanamke asije akajidhuru mwili wake. Basi zingatia: yule aliyejuzisha ameshurutisha dawa ijulikane, na yule aliyechukia amechukia kwa kuhofia madhara. Wote wawili waangalia mahali pamoja. Hakuna hapo aliyetaja kubadili maumbile. Na ingekuwa kila dawa izuiayo jambo la mwili ni kubadili maumbile, pasingebaki mgonjwa wa kutibiwa.

Katika zama zetu Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekufa mwaka 1999, alijuzisha vidonge hivi kwa Hija na kwa Ramadhani ikiwa havidhuru. Na Sheikh Muhammad bin Uthaymin, aliyekufa mwaka 2001, aliweka sharti mbili, kutokuwako madhara na idhini ya mume pale penye haki ya mume. Lakini kwa Ramadhani alipenda mwanamke aviache, aridhike na alichoandikiwa.

Ikiwa shauri lote lazunguka katika madhara, hatuna budi kueleza dawa yenyewe. Katika mwili wa mwanamke kila mwezi utando wa ndani wa tumbo la uzazi hunenepa kwa kujitayarisha kupokea mimba. Mimba isipoingia, nguvu ya homoni hupungua, utando ukamomonyoka na kutoka kuwa damu. Vidonge vya majira, ambavyo vya kwanza viliidhinishwa Marekani mwaka 1957 kwa maradhi ya hedhi, na mwaka 1960 kwa kuzuia mimba, huwa na homoni hizo zilizotengenezwa. Mwanamke amezaye kila siku huwa homoni hazimshuki, na utando haumomonyoki. Katika pakiti ya desturi mna vidonge 21 vyenye dawa, kisha siku 7 za vidonge vitupu au za kuacha, na damu huja katika siku hizo. Atakaye kuakhirisha huziruka siku 7, akaanza pakiti mpya mara moja. Na iko dawa nyingine, noretisteroni, ambayo humezwa mara 3 kwa siku kuanzia siku 3 kabla ya hedhi kutazamiwa, na damu huja siku 2 au 3 baada ya kuacha.

Wako wasemao kwamba damu iliyozuiliwa hurudi ikapanda kichwani. Hayo hayana asili. Damu haikukusanyika mahali ikafungiwa. Utando wenyewe hubaki mwembamba, pasiwe na cha kutoka.

Madhara ya kweli ni mengine. Homoni ya estrojeni huizidisha damu kuganda ndani ya mshipa, khasa mshipa wa mguu, na tonge la damu laweza kusafiri mpaka mapafuni likaua. Na kukaa kitini saa nyingi ndani ya ndege huzidisha khatari hiyo. Basi mwanamke mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kugandwa na damu, au mwenye maradhi ya ini, au saratani ya matiti, au aliyezaa karibuni na ananyonyesha, au aliyefika miaka 35 naye avuta sigara, asiviguse kabla ya kumwona tabibu. Na mwenye maumivu ya kichwa yanayotanguliwa na vimulimuli machoni, huyo akimeza vidonge vyenye estrojeni huikaribia khatari ya kiharusi. Wala noretisteroni isidhaniwe kuwa haina neno, kwani ikimezwa kwa kipimo kikubwa sehemu yake hugeuka estrojeni mwilini. Kuazima vidonge kwa jirani, au kununua dukani kwa kuambiwa tu na shoga, sio dawa inayojulikana aliyoisema Imamu Ahmad.

Twende kwenye Hija, kwani ndiko kwenye haja ya kweli. Zamani mahujaji wa pwani hii walikwenda kwa vyombo na meli mpaka Jidda, safari ikachukua majuma, na mwanamke aliyepatwa na hedhi alingoja katika watu wake. Leo ndege ina siku yake na saa yake, na haimngoji mtu. Tawafu ya kuaga si tatizo: Bibi Safiyya (R.A.) alipopatwa na hedhi naye amekwisha kutufu tawafu ya ifadha, Mtume (S.A.W.) alimruhusu aondoke. Tatizo ni hiyo tawafu ya ifadha yenyewe, ambayo wakati wake bora ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu, nayo ni nguzo, haifidiwi kwa kuchinja. Katika madhehebu yetu ya Shafi haisihi bila twahara, na wakati wake haumaliziki. Mwanamke akirudi Mombasa au Unguja bila ya kuifanya, yungali na kifungo cha ihramu juu yake, na mumewe haramu kumwingilia mpaka arudi Makka akatufu. Ewe mume uliyekataza vidonge, je, ulilijua hilo?

Mahanafi wamesema akitufu naye yumo hedhini tawafu yasihi, lakini amefanya dhambi, na juu yake kuchinja ngamia. Na Ibn Taymiyya alimruhusu mwenye dharura asiyeweza kungoja. Hizo ni njia za aliyebanwa, na mtu asiziendee ila kwa kumuuliza mwanachuoni. Aliyejihadhari mapema hazihitaji. Na mwenye uwezo wa kubadili tikiti akangoja siku chache na mkewe, hiyo ni njia njema kupita zote, lakini twajua wengi hawana uwezo huo.

Basi mwanamke ambaye tabibu amemwona hana madhara, akimeza kwa ajili ya Hija, hapana ubaya kwake, na twaona mumewe hana sababu ya kumkataza. Lakini asianze juma la safari. Miezi ya kwanza ya kuunganisha pakiti huja madoadoa ya damu mara nyingi, na mwili huyazoea kidogo kidogo. Kwa hiyo amwone tabibu miezi 3 au 4 kabla. Na avimeze kwa saa moja kila siku, kwani kidonge kikisahauliwa damu yaweza kuja. Katika hili tumepata wepesi, kwa kuwa saa ya Makka na saa ya kwetu ni moja. Na mwenye kutumia dawa za kifua kikuu au za kifafa amwambie tabibu, maana baadhi yake hubatilisha nguvu ya vidonge.

Madoadoa yakija, asikate tamaa. Katika madhehebu yetu hedhi haiwi chini ya mchana mmoja na usiku wake, na haizidi siku 15. Madoadoa ambayo jumla yake hayatimii saa 24 katika muda huo si hedhi, ni damu ya istihadha: hujisafisha, akajifunga, akatia udhu kila wakati wa faradhi uingiapo, akasali, akafunga, akatufu. Yakitimia kiasi hicho, ni hedhi, ingawa yamekuja kwa sababu ya dawa. Na damu ijayo baada ya kuacha vidonge, ikifika kiasi hicho, hukumu yake ni ile ile ya hedhi.

Neno dogo juu ya talaka. Mwanamke aliye katika eda akimeza vidonge kwa siri ili eda irefuke, apate kulishwa zaidi, amekula haki ya mtu. Na mume asidhani kwamba hilo lampa njia ya kumchunguza mkewe kila kidonge.

Sasa ndugu yetu wa pili. Wewe wataka mkeo asiwe na deni la Ramadhani. Deni hilo ni nani aliyemwekea? Ni Mola wake, naye alipomwondolea saumu katika siku za hedhi hakumpunguzia daraja. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa na Muadha kwa nini mwenye hedhi alipe saumu asilipe sala, alijibu kwamba ndivyo walivyokuwa wakiamrishwa zama za Mtume. Hakutaja masikitiko wala hila ya kuepuka. Mke mwenyewe akipenda kumeza, na tabibu akamwambia hana madhara, saumu yake ni sahihi. Lakini wewe kumlazimisha, naye kichwa chamuuma hata asione mbele, ni kumtia katika madhara ambayo Mtume (S.A.W.) ameyakataza, na ibada haijengwi juu ya dhuluma. Twamuuliza tena: yale maumivu hutanguliwa na vimulimuli? Kama ndivyo, mchukue kwa tabibu leo, usingoje Ramadhani.

Na wako waume ambao saumu kwao ni kisingizio tu, hawataki siku zile za kujitenga na kitanda. Huyo na asome sira. Mtume (S.A.W.) aliegemea mapajani mwa Bibi Aisha naye yumo hedhini, akasoma Kurani, na akanywa pale pale katika chombo alipoweka yeye mdomo wake.

Tena tujiulize kwa nini wake zetu huliogopa deni hili. Katika Ramadhani mwanamke apika daku, apika futari, akaalika wageni tuliowaita sisi. Kisha siku zake 6 au 7 azilipe peke yake, nyumba nzima yala mchana, naye awapikie. Mume akimuona amefunga humuuliza kwa nini hakumaliza mapema. Bibi Aisha hakupata nafasi ya kulipa ila mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani, wala Mtume (S.A.W.) hakumlaumu. Aliyeakhirisha bila ya udhuru mpaka Ramadhani ya pili ikamwingilia, hulipa saumu na kibaba cha chakula kwa kila siku. Basi mpe mkeo siku za kulipa, usimwekee wageni siku hizo, na ukiweza funga naye.

Na yule mke aliyechagua mwenyewe kumeza katika Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku akimeze baada ya futari. Noretisteroni, kwa kuwa ni mara 3, amuulize tabibu namna ya kuigawa baina ya futari na daku, kwani akimeza hata kimoja mchana saumu yake imefunguka.

Wallahu aalam.