Je, Mgonjwa Ampigaye Anayemwokoa Ana Udhuru?

Katika darsa yetu ya baada ya Ishaa tumeletewa suali linalostahili kujibiwa kwa kalamu. Watumishi wa gari la wagonjwa huitwa usiku, wakaja mbio, na badala ya shukrani wakapokewa kwa matusi, na mara nyingine kwa ngumi. Je, mgonjwa au jamaa yake afanyaye hayo ana udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu? Na sisi majirani tunaotazama, hatuna lawama?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani limetaja kwamba baina ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hupatwa na kipigo wakati fulani wa kazi yao. Uingereza ilitunga sheria makhsusi ya kuwalinda watumishi wa dharura mwaka 2018, na mwaka 2022 kifungo cha mwenye kuwapiga kikaongezwa hadi miaka 2. Lakini sheria humfikia mtu baada ya pigo kwisha kuanguka.

Yapasa kwanza tuwatenganishe watu hawa, kwani kuwatia wote katika hukumu moja ni dhulma. Yuko mgonjwa ambaye akili yake imeondoka: mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno, aliyetoka katika kifafa, aliyeumia kichwa, aliyekosa hewa. Hawa huweza kurusha mikono na kung'ata na kumtukana hata mzazi wao, na baada ya kutibiwa wasikumbuke lolote. Aliyeondokewa na akili haandikiwi dhambi; hilo halina khitilafu. Ila hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulifahamu: kuondoka dhambi hakuondoi haki ya aliyedhurika. Mwendawazimu akivunja chombo cha mtu, thamani yake hulipwa kutoka katika mali yake. Basi jamaa wasione kwamba kusema "huyo ni mgonjwa" kumemaliza deni. Mtumishi aliyevunjiwa miwani ana haki yake.

Wa pili ni aliyeiondoa akili yake kwa mkono wake, kama mlevi na mtumiaji wa unga. Huyu wa unga ana ajabu yake. Hukutwa amezimika, pumzi zinakatika. Akapigwa sindano ya naloksoni, nayo ikaiondosha nguvu ya unga, akazindukana papo hapo na arosto imemshika, akamgeukia kwa ghadhabu yule aliyemrudishia pumzi, kana kwamba ameibiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyelewa kwa kusudi hushikwa kwa vitendo vyake. Pamoja na hayo hutibiwa, wala haachwi afe.

Wa tatu ndiye ninayemkusudia zaidi, naye ni jamaa wa mgonjwa. Huyu hakulewa wala hakupotewa na akili. Ana uchungu, na huenda ana lalamiko la kweli, kwamba gari limechelewa na mzee anakata roho. Lakini wale wawili walioshuka garini sio waliokadiria magari ya mji yawe mangapi. Lalamiko lina mlango wake, nao si uso wa mtu aliyeinama kumfunga jeraha baba yako.

Imesimuliwa katika Sahihi ya Bukhari khabari ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Mtume (S.A.W.) alipita akamnasihi asubiri, naye, bila ya kumjua, akamjibu kwa ukali. Mtume hakumrudishia neno. Alipojulishwa ni nani, alimwendea kutaka radhi, akafahamishwa kwamba subira yenye kuhesabiwa ni ile ya pigo linapoanguka mara ya kwanza. Tazameni: hakuaibishwa kwa huzuni yake, wala huzuni haikufanywa kuwa ruhusa. Na yeye alitoa maneno tu, hakuinua mkono.

Sasa tuitazame hali ya anayepigwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imempa mtumishi haki ya kukataa kumtibu ampigaye au amtukanaye, ila haki hiyo haimfai pakiwa na dharura na hapana mtumishi mwingine. Daktari aliye katika chumba chake aweza kuondoka na kumwita mwenzake. Watu wawili wa gari, saa nane za usiku, katika nyumba wasiyoijua, hawana wa kumwita. Basi ampigaye mtu huyu amempiga aliyefungwa mikono, na kilichomfunga ni haki ya mgonjwa yule yule.

Kuna ugomvi mwingine ambao asili yake ni ujinga, nao ni wa mume anayesimama mlangoni asiguswe mkewe na mwanamume. Akipatikana mtumishi wa kike, huyo ndiye atangulizwe. Asipopatikana, vitabu vya fiqhi vimeruhusu mwanamume kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja ya matibabu, na maharimu wake akawapo. Mume akae ndani, basi, awe ndiye huyo maharimu. Naye mtumishi apige hodi, atoe salamu, aseme anafanya nini kabla ya kunyosha mkono. Wengi wangetulia kwa hayo tu.

Anayepiga simu aseme kweli. Kama mgonjwa amelewa, au ana kisu, au amekwisha kumpiga mtu, alitaje hilo. Watu huficha kwa kuogopa aibu, wakawaingiza wageni katika khatari wasiyoijua. Nyumbani achaguliwe mmoja wa kusema na watumishi, na wengine watoke chumbani.

Na majirani? Katika Mji wa Kale wa Mombasa gari haliingii kila kichochoro, na Lamu machela hubebwa kwa mikono. Watumishi hawafiki bila ya sisi. Basi wawili wakangoje mdomoni mwa njia na taa, wanne wabebe machela, na mwenye nguvu kuliko wote amshike mkono yule ndugu mwenye hasira, akae naye barazani mpaka gari liondoke.