Amana ya Mzee Sultan

Usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kuona chuo kikuu cha teknolojia, lakini ningependa neno lao lisomwe katika kila kikao cha kuunganisha vyuo. Vikao hivyo hupenda mithali nyingine, ile ya umoja ni nguvu, na wajumbe wakishaitamka hudhani kazi imekwisha.

Kule Durban, Afrika Kusini, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2002 teknikoni (vyuo vya ufundi) mbili za mji huo, ML Sultan na Natal, ziliunganishwa kuwa taasisi moja, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Zilikuwa jirani za kupakana, uzio tu katikati. Natal ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, ML Sultan kwa ajili ya Wahindi. Masomo yale yale yakalipiwa mara mbili ili vijana wa rangi tofauti wasikae darasa moja. Serikali ya ubaguzi ilikuwa na bidii ya ajabu katika kupanga watu: hata wazawa wa Wamakua waliookolewa utumwani na kupelekwa Durban kutoka Zanzibar mwaka 1873, iliwaandika kuwa Waasia. Utacheka, halafu uchungu utafuata.

Uzio ule, basi, haukuwa na wa kuulilia. Lakini nani alijenga kilichokuwa nyuma yake?

Hajee Malukmahomed Lappa Sultan alifika Natal kutoka Malabar mwaka 1890, kijana mdogo, kibarua wa mkataba. Alibeba mizigo katika stesheni ya reli, akawa mhudumu wa mezani, akalima, akafanya biashara mpaka mkono ukajaa. Wakati huo Wahindi wa Durban waliotaka ufundi walisoma jioni katika vyumba vya kuazima. Mzee akatoa maelfu ya pauni ili wapate chuo chao. Yeye alikuwa Mwislamu na Wahindi wengi wa mji ule ni Wahindu, lakini undugu ni kufaana, si kufanana. Alifariki mwaka 1953, na fedha yake imeendelea kusomesha watu asiowajua.

Hapo ndipo penye ugumu. Ubaguzi ulikuwa dhuluma, na kilichojengwa ndani ya dhuluma hiyo kilikuwa sadaka. Anayeunganisha akiona la kwanza tu, atafuta yote mawili kwa kalamu moja.

Tena sadaka si jambo linalojadiliwa sana vyuo vinapoungana. Kinachojadiliwa ni viti. Nani awe mkuu? Idara mbili za somo moja, ibaki ya nani? Mishahara ifuate ya upande upi? Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Durban hawakuepuka hayo: mambo yalivurugika hata mwaka 2006 serikali ikamteua Profesa Jonathan Jansen kuwa msimamizi. Saini iliunganisha vyuo siku moja. Watu walihitaji miaka.

Mombasa nao wana habari ya kufanana na hii. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza mwaka 1948 kikiwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, na miongoni mwa waliochangia walikuwemo Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Hakikuunganishwa na kingine. Kilipanda tu daraja, kikawa politekniki, kisha chuo kikuu mwaka 2013. Kufunguliwa kwa watu wote ni jambo jema, silibishii hata kidogo. Ila wanafunzi wake wanastahili kujua ni mifuko ya nani iliyotangulia.

Kwa hiyo ewe uliyealikwa kwenye kamati ya aina hii, kabla hujauliza nembo itakuwa ya rangi gani, agiza uletewe hati za wakfu na za michango za kila chuo, usome nani alitoa nini na kwa sharti gani. Durban, pamoja na vurugu zao zote, hili walilipatia. Kampasi moja ya iliyokuwa Natal sasa ina jina la Steve Biko, aliyesomea udaktari katika mji huo huo na kufa mikononi mwa polisi mwaka 1977. Jirani yake bado inaitwa ML Sultan.