Mkebe wa Maziwa na Damu ya Mtu



Wengi kati yetu ni wauzaji katika magazini za watu hapa Lubumbashi. Mateso yao tunayajua. Mtu anaingia, anaficha mkebe wa maziwa ndani ya koti, anatoka. Muuzaji anamkimbilia, kwa sababu mwisho wa mwezi patroni atakata bei ya mkebe ule katika mshahara wake. Lakini hajui kama yule ana kisu, wala kama wenzake wanangoja inje. Na akilia "Mwizi!", watu wa njiani watakuja na mawe na petroli.

Tusome Kutoka 22:2-3. Mwizi anayevunja nyumba usiku akipigwa akafa, aliyempiga hana deni la damu. Lakini jua likiwa limetoka, deni liko: mwizi anapaswa kulipa, si kufa. Na magazini inafunguliwa mchana, wapendwa!

Basi ninyi wauzaji, mwombeni kwa upole arudishe kitu. Akikataa, mwacheni apite, mshike sura yake, mpashe patroni habari. Mkebe unanunuliwa tena. Baba wa watoto hanunuliwi.

Na ninyi mapatroni mnaosali pamoja nasi, msikate mshahara wa mtu kwa kosa la mwizi. Someni Yakobo 5:4. Mkikata, ni ninyi mnaomtuma kukimbilia kisu.

Mungu alinde kazi za mikono yetu. Amina.