Sifa na Haki ya Mama

Kazi ya mama nyumbani ina tabia moja ya ajabu: haionekani ila inapokosekana. Sakafu iliyofagiwa haisemi imefagiwa na nani. Mtungi uliojaa maji hautaji jina la aliyeujaza. Kwa hiyo atakaye kuitendea haki kazi hiyo hana budi aione kwanza. Swali letu ni hili: je, kuiona na kuisifu kwatosha?

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 waliiona. Yapata mwaka 1660 Pieter de Hooch alichora picha ijulikanayo kwa jina la Wajibu wa Mama, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Mtoto amelaza kichwa mapajani mwa mama, na mama anamtafuta chawa nywelani. Mlango u wazi, nuru inaingia, mbwa mdogo ametulia sakafuni. Hapana mfalme wala vita humo. Kazi ya kutafuta chawa imepewa nuru ambayo zamani iliwekewa watakatifu. Msichana wa Musoma au Bunda aliyepata kulaza kichwa mapajani mwa mama yake akisukwa nywele hahitaji mkalimani wa picha hiyo.

Lakini uzuri una ukimya wake. Picha haisemi mama huyo aliamka saa ngapi, wala nyumba ni mali ya nani. Johannes Vermeer wa Delft, bingwa wa kuchora utulivu wa nyumbani, alifariki mwaka 1675 akamwachia mkewe, Catharina Bolnes, watoto 11 na madeni mengi. Mjane huyo alimpa mwoka mikate picha mbili kwa deni la mkate. Utulivu ulikuwa katika picha. Njaa ilikuwa mlangoni.

Na sisi tusijione bora. Butiama inamkumbuka Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano miongoni mwa wake 22 wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Anakumbukwa kwa kuwa mwaka 1922 alimzaa Julius, ambaye mwaka 1934 alikwenda kusoma Mwisenge, Musoma, na baadaye akawa Rais. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini ni heshima ya kioo: twamtazama mama, twamwona mwana. Mwana mwenyewe hakuridhika na sifa tupu. Katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba maisha ya jadi yalikuwa na kasoro mbili: umaskini, na kuwekwa chini kwa wanawake, ambao walifanya kazi kupita fungu lao. Aliyeyaandika hayo alikulia katika boma la wake wengi.

Kukiri kukazaa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliiruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili ndoa inapovunjika. Je, kupika na kulea ni juhudi? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kupewa fungu lake na kulitumia. Lakini mlango alioubisha uliwafungukia wengine.

Wako watakaosema kwamba mapenzi ya mama hayana bei, na kuyapima kwa mali ni kuyatukana. Maneno hayo ni matamu, lakini mara nyingi husemwa na yule anayepokea. Kitu kisicho na bei si kitu kisicho na haki. Mama aweza kutoa bila kuhesabu, na huo ni ukarimu wake; anayepokea akiacha kuhesabu, huo ni wizi uliovaa mavazi ya shukrani.

Basi sifa si bure, maana jicho lisiloona haliwezi kuamrisha mkono utoe. Lakini sifa ni kukiri deni, si kulilipa. Akiriye deni asilipe hampiti alikanaye ila kwa adabu ya maneno. Na adabu ya maneno haijazi mtungi.